Charles Taylor, Fundi wa Injini ya Kwanza ya Eropleni

Chini ya mlima Meru, katika nchi ya Waarusha na Wamasai, wahunzi walikaa peke yao tangu zamani. Wamasai waliwaita Ilkunono. Walikuwa na moto wao, na mivukuto yao ya ngozi, na fuawe zao, nao ndio waliofua mikuki na sime za morani wote. Morani aliporudi vitani aliimbiwa, na jina lake likajulikana mbali. Mhunzi hakuimbiwa. Watu hawakupenda kuoa nyumbani kwake, wala hawakumwendea ila walipotaka kitu. Walakini bila yeye mkuki usingalikuwapo.

Leo mtu akisimama Kisongo, nje kidogo ya mji wa Arusha, huona eropleni zikiruka na kutua mchana kutwa, nyingine zikielekea Serengeti, nyingine Zanzibar. Kila mtoto wa shule amekwisha kusikia kwamba eropleni ya kwanza iliyoruka kwa nguvu za injini, ikiwa na mtu ndani yake, ilifanyizwa na ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Habari hiyo ni kweli. Lakini injini iliyoiendesha eropleni hiyo ilichongwa kwa mikono ya mtu wa tatu, ambaye mafundi wa ndege wanamjua sana, na watu wengine hawamjui. Huyo ndiye Charles Taylor.

Charles Edward Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei 1868 shambani karibu na kijiji cha Cerro Gordo, katika jimbo la Illinois. Alipokuwa angali mdogo jamaa yake walihamia Nebraska. Akasoma hata akapata umri wa miaka 12, kisha akaacha shule, akaingia katika ofisi ya gazeti moja mjini Lincoln, akawa mtoto wa kutumwa. Baadaye alifanya kazi mahali pa kujalidi vitabu, na hapo ndipo alipozoea mashine. Hakupata kuingia chuo kikubwa maisha yake yote. Kazi ya chuma aliijua kwa kuishika: kupima, kukata, kupiga tupa, kukereza, kupima tena.

Katika mwaka 1896 alihamia mji wa Dayton, jimbo la Ohio, pamoja na mkewe Henrietta. Huko alipata kazi katika kiwanda cha vyombo vya kilimo na baisikeli. Ami yake Henrietta alikuwa na nyumba ambayo aliwapangisha ndugu wawili waliokuwa na duka la baisikeli, na ndugu hao ndio Wilbur na Orville Wright. Mara kwa mara walimpa Taylor kazi ndogo ya kuwakerezea vipande vya baisikeli, wakaona kwamba kazi yake ni safi. Hata mwezi wa Juni mwaka 1901 wakamwajiri kabisa, kwa mshahara wa senti 30 kwa saa, yaani dola 18 kwa juma.

Sababu ya kumwajiri haikuwa eropleni. Ndugu hao walikuwa wakisafiri mbali, mpaka pwani ya mchanga iitwayo Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, kujaribu mabawa makubwa yasiyo na injini, ambayo mtu hulalia juu yake na kubebwa na upepo. Safari hizo zilichukua majuma mengi, nao walihitaji mtu mwaminifu wa kukaa dukani, kupokea wateja na kutengeneza baisikeli zao. Basi Taylor akakabidhiwa duka, naye akafanya kazi hiyo vizuri.

Watu hawa watatu walipatana kazini, ingawa tabia zao zilikuwa mbalimbali. Ndugu hao walikuwa wana wa askofu. Hawakuvuta tumbaku wala kunywa pombe, na hata karakanani walivaa kola nyeupe na tai. Taylor alivuta sigara nene tangu asubuhi hata jioni, na maneno yake hayakuwa laini siku zote. Dada yao, Bibi Katharine, aliyekuwa mwalimu na mwenye kusaidia mambo ya duka, hakupendezwa naye, na Taylor naye hakupendezwa na Katharine. Lakini wale ndugu walivumilia moshi kwa sababu ya mikono.

Mwaka ule wa 1901 walirudi kutoka Kitty Hawk wakiwa wamevunjika moyo, maana mabawa yao hayakuinuka kama hesabu za vitabu zilivyosema. Wakakusudia kupima wenyewe. Wakafanya sanduku refu la mbao, urefu wake futi 6, wakatia feni upande mmoja ili kuvumisha upepo ndani yake. Na ndani ya upepo huo wakaweka mabawa madogo ya namna nyingi, wapate kujua lipi linainuka zaidi. Mizani ya kupimia nguvu za mabawa hayo haikununuliwa popote. Ilifanyizwa kwa vipande vya misumeno mikuukuu ya kukatia chuma na nyuzi za magurudumu ya baisikeli. Kwa vitu hivyo vya takataka za duka walipata hesabu zilizo sahihi kuliko za wataalamu wote waliowatangulia.

Hata mwisho wa mwaka 1902 habari ya mabawa ilikuwa imekwisha. Mabawa yaliwabeba vizuri, na walijua kuyaongoza kulia na kushoto, juu na chini. Sasa ilibaki injini. Walipiga hesabu wakaona kwamba wanahitaji nguvu za farasi 8, na uzito usipite kiasi cha ratili 200, kama uzito wa mtu mmoja mnene. Wakawaandikia barua wenye viwanda vya motokaa. Majibu yakaja: injini zao zilikuwa nzito mno, au hawakutaka kujisumbua kwa kufanya injini moja tu. Basi ndugu wakamgeukia Taylor.

Fikiri jambo hilo. Taylor hakuwa amefanya injini ya petroli hata moja. Kazi yake yote katika mambo ya injini za motokaa ilikuwa kujaribu kutengeneza moja iliyoharibika. Dukani palikuwa na injini moja ya gesi ambayo ndugu wale waliifanya wenyewe, nayo ndiyo iliyozungusha mashine zao kwa mikanda. Na mashine zenyewe zilikuwa mbili tu zilizofaa kazi hiyo: kerezo moja na kekee moja kubwa ya kutobolea. Zaidi ya hizo palikuwa na jiliwa, nyundo, tindo na tupa, vitu ambavyo fundi yeyote wa Arusha anavyo katika banda lake.

Tena hapakuwa na michoro ya sawasawa. Mmoja wao alichora kipande juu ya karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Wakazungumza, wakabishana, wakakubaliana. Kisha Taylor akaibandika karatasi ile juu ya meza yake ya kazi, akaanza. Kipande kilipokwisha karatasi ilikuwa haina kazi tena. Ndiyo maana michoro hiyo haikuhifadhiwa.

Ili kufahamu kazi yake, yafaa kujua injini ya petroli inavyokwenda. Katika silinda, ambayo ni kama mtungi wa chuma ulio wazi chini, mna pistoni inayopanda na kushuka. Mvuke wa petroli na hewa huingia juu ya pistoni, cheche huuwasha, nao huwaka ghafula na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Lakini mwendo wa kupanda na kushuka hauwezi kuzungusha kitu peke yake. Tazama mtu apandaye baisikeli: magoti yake hupanda na kushuka, lakini kwa sababu pedali zimeshikwa na mikono ya chuma iliyopindwa, gurudumu la meno huzunguka. Katika injini chuma kilichopindwa namna hiyo ni mtaimbo mmoja mrefu wenye magoti, goti moja kwa kila pistoni. Mafundi wa motokaa huuita krenki. Huo ndio uti wa mgongo wa injini. Ukiwa na ufa mdogo tu, injini nzima huvunjika.

Taylor alikuwa na silinda 4, kwa hiyo mtaimbo wake ulitakiwa kuwa na magoti 4. Hakuwa na tanuru kubwa wala nyundo ya mvuke ya kuufulia. Akachukua ubamba mmoja wa chuma cha pua, urefu wake inchi 31, upana inchi 6, na unene wake zaidi kidogo ya inchi moja na nusu. Juu ya ubamba huo akachora umbo la mtaimbo na magoti yake. Kisha akauweka chini ya kekee, akatoboa tundu, na tundu jingine karibu nalo, na jingine, akifuata mstari wote wa umbo lile, hata ubamba ukawa kama kitambaa kilichochomwa sindano pande zote. Ndipo akashika nyundo na tindo, akaviangusha vipande vya chuma vilivyokuwa nje ya mstari. Kilichobaki kilikuwa na sura ya mtaimbo, lakini chenye meno meno kama mdomo wa mamba. Akakifunga katika kerezo, akakikereza polepole, shingo kwa shingo na goti kwa goti, hata kikawa laini na duara.

Ubamba ule ulipoanza ulikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 80. Mtaimbo ulipokwisha ulikuwa ratili 19 tu. Chuma kingine chote kilikuwa kimeanguka sakafuni, vipande na unga. Na mtaimbo ulipojaribiwa, ulizunguka bila kuelemea upande wowote.

Mwili wa injini haukuweza kuwa wa chuma, maana chuma kingekuwa kizito mno. Ukasubiwa kwa aluminiamu katika kiwanda cha kusubu madini cha mjini Dayton. Siku zile aluminiamu ilikuwa bado si kitu cha kawaida katika injini. Leo hata sufuria za sokoni Kilombero ni za madini hayo. Silinda zenyewe na pistoni zilikuwa za chuma cha kusubu. Taylor alizikereza silinda hata kuta zake zikawa nyembamba, kisha akazikaza ndani ya mwili wa aluminiamu kama mtu akazavyo kifuniko cha chupa.

Sehemu nyingine zilikuwa duni sana. Petroli ilishuka yenyewe kwa mpira mwembamba kutoka katika tangi dogo lililofungwa juu, ikaanguka mahali palipopata moto wa silinda, ikageuka mvuke. Hapakuwa na plagi kama za motokaa. Ndani ya kila silinda vipande viwili vya chuma viligusana na kuachana, na kila vilipoachana cheche iliruka. Dereva hakuweza kuongeza mwendo wala kuupunguza isipokuwa kidogo sana. Injini iliwashwa, ikaenda kwa nguvu zake zote, ikazimwa, basi.

Kazi hiyo yote, tangu kipande cha kwanza hata injini kuwa tayari, ilichukua majuma 6. Tarehe 12 Februari 1903 wakaiwasha, nayo ikanguruma. Furaha ile haikukaa. Siku ya pili petroli ilidondoka juu ya beringi, mafuta ya kulainisha yakaoshwa, mtaimbo ukakamatwa ghafula, na mwili wa aluminiamu ukapasuka. Majuma sita ya kazi yaliharibika mara moja. Ikawapasa kuagiza mwili mwingine, nao haukufika mpaka tarehe 20 Aprili. Taylor akaanza tena kukusanya, kupima na kukaza. Mwezi wa Mei injini ikawaka mara ya pili, na ilipopimwa ilitoa nguvu za farasi karibu 12. Ndugu walikuwa wameomba 8. Kwa nguvu hizo zilizozidi waliweza kuyaimarisha mabawa na mbao za eropleni yao bila kuogopa uzito.

Rafadha zilikuwa mbili, za mbao, nazo ndugu wenyewe walizichonga. Injini ilizizungusha kwa minyororo mirefu mfano wa ile ya baisikeli, na mnyororo mmoja ulipishanishwa katikati ili rafadha moja izunguke kinyume cha nyingine, eropleni isivutwe upande.

Mwezi wa Septemba ndugu wakafunga vitu vyote katika masanduku, wakaenda Kitty Hawk. Taylor akabaki Dayton na baisikeli zake. Lakini kazi haikumwacha. Tarehe 5 Novemba injini ilipowashwa huko pwani ilitikisika vibaya, na mitaimbo ya rafadha, iliyokuwa mabomba matupu ndani, ikaharibika. Ikarudishwa Dayton, safari ya siku nyingi. Taylor akafanya mingine minene zaidi, akaipeleka. Ikafika tarehe 20. Kabla mwezi haujaisha mmoja wa hiyo nao ukaonekana una ufa. Safari hii Orville mwenyewe alipanda gari moshi akarudi Dayton, na mitaimbo mipya ikafanyizwa ya chuma cha pua kisicho na tundu ndani. Akafika nayo Kitty Hawk tarehe 11 Desemba, baridi ikiwa kali. Hata nati za magurudumu ya meno zilikuwa zimelegea kila injini ilipotikisika, wakazibandika kwa gundi ngumu ile ile iliyotumika dukani kushika mipira ya baisikeli katika magurudumu. Hazikulegea tena.

Tarehe 17 Desemba 1903, siku ya upepo mkali, Orville akalala juu ya bawa la chini, injini ikiwa kuumeni kwake, na eropleni ikaondoka katika reli yake, ikainuka. Ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda futi 120, ambayo haifiki hata nusu ya uwanja wa mpira. Siku hiyo waliruka mara nne, na mara ya nne Wilbur alikwenda futi 852 katika sekunde 59. Kisha upepo ukaikamata eropleni ilipokuwa imesimama, ukaipindua na kuivunja, na mwili wa injini nao ukavunjika. Haikuruka tena kamwe.

Taylor hakuiona siku ile. Alikuwa dukani, mbali ya mamia ya maili.

Miaka miwili iliyofuata alikuwa karibu zaidi. Ndugu walipewa ruhusa ya kutumia malisho ya ng'ombe nje ya Dayton, mahali paitwapo Huffman Prairie, nao wakajenga banda huko. Taylor akawa mlinzi wa banda na mganga wa injini. Kabla ya kuruka iliwapasa kwanza kuwafukuza ng'ombe. Injini mpya zikafanyizwa, zenye nguvu zaidi, na tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur akaruka maili 24 akizunguka malisho yale, mwendo kama wa kutoka mjini Arusha mpaka Tengeru, na kurudi, na kwenda tena. Alikaa hewani dakika 39. Mtaimbo wa injini ile ya kwanza, ule wa ratili 19, ulipelekwa mapema mwaka 1906 katika maonyesho mjini New York. Haukurudi. Nani aliuchukua, au ulitupwa wapi, haikujulikana mpaka leo.

Taylor alitaka sana kujifunza kurusha eropleni. Hata ndugu walipoanza kuwafundisha watu wengine, yeye hawakumfundisha. Walimtaka awe chini, penye injini. Labda walikuwa na haki, maana warushaji walipatikana, na fundi kama yeye hakupatikana. Lakini ni jambo gumu kwa mtu kufanya mabawa ya watu wote asiyapate yeye.

Katika mwaka 1908 jeshi la Marekani lilitaka kuiona eropleni, na Orville akaenda Fort Myer karibu na Washington pamoja na Taylor. Siku nyingi aliruka vizuri mbele ya makutano makubwa. Tarehe 17 Septemba alimchukua afisa mmoja kijana, jina lake Thomas Selfridge. Walipokuwa juu, rafadha moja ikapasuka, ikatikisika, ikagonga waya wa usukani wa nyuma. Eropleni ikaanguka kichwa chini. Taylor alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Wakamtoa Orville akiwa amevunjika mguu na mbavu. Selfridge akafa jioni ile, akawa mtu wa kwanza kuuawa na eropleni yenye injini. Taylor alipokwisha kumfungua Orville tai na kola apate kupumua, aliegemea mbao zilizovunjika akalia kama mtoto. Kisha akavichunguza vile vipande vilivyovunjika, wapate kujua ni kipi kilichotangulia kuvunjika.

Mwaka uliofuata Orville aliyekuwa amepona alirudi Fort Myer akalitimizia jeshi ahadi yake. Mwaka huo huo Wilbur aliruka juu ya maji ya New York mbele ya watu wengi mno, na Taylor akasaidia kufunga mtumbwi mwepesi chini ya eropleni, ili ikianguka majini ielee.

Sifa za ndugu hao zilienea duniani kote, na wafalme wakaja kuwatazama. Mshahara wa Taylor ulikuwa dola 25 kwa juma. Mwaka 1911 mrushaji mmoja, Calbraith Rodgers, alikusudia kuvuka Marekani yote kwa eropleni ya Wright, kutoka bahari ya mashariki mpaka ya magharibi, akampa Taylor dola 10 kwa siku afuate na gari moshi lililojaa vipuri. Orville hakutaka kumpoteza, akamshauri ahesabu safari hiyo kuwa likizo tu. Rodgers aliondoka tarehe 17 Septemba, akaanguka mara nyingi njiani, na kila alipoanguka mafundi walishuka katika gari moshi, wakashona, wakakata, wakapiga misumari. Alipofika Pasadena tarehe 5 Novemba, vipande vya eropleni vilivyosalia kutoka siku ya kwanza vilikuwa vichache sana.

Wilbur akafa kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. Orville aliiuza kampuni yake mwaka 1915. Taylor akaendelea kufanya kazi Dayton miaka michache tena. Kisha, katika mwaka 1928, akahamia California. Huko alinunua mashamba karibu na ziwa la chumvi liitwalo Salton Sea, akitumaini kwamba bei ya ardhi itapanda. Haikupanda. Miaka ya dhiki ikaingia, fedha za watu zikapotea, na zake pamoja nazo. Mkewe akafa.

Basi mzee huyo akarudi kwenye kerezo. Aliajiriwa katika kiwanda cha eropleni mjini Los Angeles, kwa mshahara wa senti 37 na nusu kwa saa. Vijana waliosimama kando yake wakikereza vipande vya eropleni za vita hawakujua ni nani. Hakuwaambia. Walimwona mzee mvuta sigara, hodari wa kazi, basi. Naye alifanya kazi hapo hata mwaka 1937, ndipo watu wa Henry Ford, tajiri wa motokaa, walipomtafuta na kumpata.

Ford alikuwa amelinunua lile duka la baisikeli la Dayton, akalivunja na kulijenga upya karibu na Detroit, liwe ukumbusho. Alitaka kila kitu kiwe mahali pake: kerezo, meza, mikanda. Orville mwenyewe alisaidia, lakini mtu aliyejua kila mashine ilisimama wapi alikuwa Taylor. Akaja, akapanga, na kwa mikono ya mtu wa karibu miaka 70 akafanya injini nyingine kwa mfano wa ile ya kwanza, akikumbuka vipimo vyake. Duka hilo lilifunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 1938, nalo lipo hata leo.

Mwaka 1941 alirudi California, akafanya kazi tena wakati wa vita, hata mwaka 1945 moyo wake ukaugua naye akashindwa. Orville alimkumbuka. Alipofariki tarehe 30 Januari 1948, katika wasia wake palikuwa na maneno kwamba Taylor apewe dola 800 kila mwaka. Lakini bei za vitu zilipanda baada ya vita, na fedha hizo hazikutosha chakula na dawa. Hata mwaka 1955 mwandishi mmoja wa gazeti akamkuta amelala katika wodi ya maskini ya hospitali moja ya Los Angeles. Habari zikaandikwa. Watu wa viwanda vya eropleni, ambao utajiri wao wote ulitokana na kazi iliyoanza juu ya meza yake, waliona haya. Wakachanga fedha, wakamhamisha mahali pazuri, akatunzwa.

Alikaa huko miezi michache tu. Akafa tarehe 30 Januari 1956, miaka minane kamili baada ya Orville, akiwa na umri wa miaka 87. Eropleni ya mwaka 1903 ilikuwa imekwisha kuwekwa katika jumba la makumbusho mjini Washington tangu mwaka 1948, na watu wengi huenda kuitazama. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 24 Mei, mafundi wa ndege wa Marekani huifanya siku yao.

Taylor alizikwa California, katika ukumbusho wenye kuba waliozikwa watu kadha wa kadha wa habari za eropleni. Mahali hapo ni karibu sana na kiwanja cha Burbank, na eropleni zinazotoka na kuingia hupita juu ya kaburi lake usiku na mchana.